Eti Ni Uzee Tu!

Wadau, leo nina ugomvi na maneno matatu: "Ni uzee tu."

Maneno haya utayasikia kila kona ya nchi hii. Bibi wa miaka sitini na kitu anakwenda zahanati. Analalamika kinena kinamuuma, usiku halali, asubuhi hawezi kuinama kuvaa viatu. Anaulizwa umri. Akishautaja tu, mazungumzo yamekwisha. "Bibi, huo ni uzee tu, utakunywa hizi Panadol." Anapewa vidonge vyake, anarudi nyumbani anachechemea vilevile alivyokuja.

Na sisi wajukuu zake, wenye digrii zetu mjini? Tukipigiwa simu kwamba bibi miguu inamsumbua, tunajibu nini? "Ah, si unajua tena, uzee." Tunamtumia elfu ishirini kwenye simu, tunaona tumemaliza kazi.

Mimi nasema hatujamaliza. Nyonga inayomnyima mtu usingizi ni ugonjwa. Una jina, una dalili zake, una tiba, na ukifika mahali fulani tiba yake ni operesheni. Na swali la lini mtu afanyiwe operesheni haliamuliwi na mwaka wake wa kuzaliwa, wala na eksirei peke yake, wala na yule mjomba mwenye sauti kubwa kwenye kikao cha ukoo. Linaamuliwa na mambo mawili: huyu mtu ameshindwa kufanya nini katika maisha yake ya kila siku? Na je, tiba nyingine zimejaribiwa kweli, au zimetajwa tu?

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani, maana Wabongo kila kinachouma kwenye kiungo tunakiita baridi yabisi. Nyonga ni kiungo cha mpira na kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo kama mpira, na kinazunguka ndani ya kikombe kilichoko kwenye mfupa wa nyonga. Katikati kuna gegedu, laini na telezi, ndiyo inayofanya mfupa usisuguane na mfupa mwenzake. Gegedu hiyo ikichakaa, nafasi inapungua, mfupa unaota vinundu pembeni, kiungo kinakakamaa na kuuma. Watu huko mitaani wanasema "mifupa inasagana", na hawako mbali na ukweli.

Lakini kuna mtego hapa. Maumivu ya nyonga mara nyingi hayakai pale mtu anapopashika na kusema "hapa ndipo nyonga". Yanakaa kwenye kinena, yanashuka pajani, na mara nyingine yanatokea kwenye goti. Wapo watu waliopakwa dawa za kuchua goti miaka mitatu wakati goti ni zima kabisa! Kumbe kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mlaze mgonjwa chali, mkunje nyonga na goti, kisha zungusha paja taratibu kuelekea ndani. Akiruka kwa maumivu ya kinena, au mguu ukigoma kabisa kuzunguka, shuku nyonga. Hiyo ni dakika moja, na haigharimu hata shilingi.

Sasa hoja hii tuipeleke Mbuba.

Wengi wenu hamjafika. Mbuba iko Ngara, kule Kagera ya mwisho ambako Tanzania inagusana na Rwanda na Burundi. Waliowahi kulisikia jina hili wengi wao walilisikia kwenye habari za wakimbizi. Ni nchi ya vilima, migomba, maharage na kahawa. Na kwenye vilima hivyo kazi nyingi bado inafanywa na mwili wa binadamu. Jembe ni la mkono. Kuni zinabebwa kichwani, ndoo ya maji nayo kichwani. Choo kwa wengi ni cha shimo, maana yake unachuchumaa. Kanisani unapiga magoti. Kwenda kwenye gari unapanda bodaboda, unatanua miguu huku unashikilia mzigo.

Hebu sasa hesabu mwenyewe. Ni jambo gani kati ya hayo linafanyika bila nyonga? Hakuna hata moja! Kule nyonga ndiyo trekta, ndiyo pikipiki, ndiyo lifti. Mtu wa ofisini Dar akichakaa nyonga ataumia sana, simdharau, lakini atakaa kwenye kiti chake na mshahara utaingia mwisho wa mwezi. Mama wa Mbuba akichakaa nyonga shamba linaota majani. Halafu kuna aibu ambayo hatamwambia mtu yeyote, wala daktari: kwamba ameanza kupunguza kula na kunywa ili asiende chooni mara kwa mara, kwa sababu kuchuchumaa kumekuwa adhabu.

Wenzetu wa Uingereza wana dodoso linaitwa Oxford Hip Score, la mwaka 1996. Lina maswali 12. Unaulizwa kama unaweza kuvaa soksi, kupanda ngazi, kuingia kwenye gari, kwenda dukani, kama maumivu yanakuamsha usiku. Ni kipimo kizuri, kinatumika dunia nzima. Lakini humo hakuna swali la kuchuchumaa, wala la jembe, wala la ndoo kichwani. Daktari akimuuliza bibi wa Mbuba kuhusu soksi, bibi atashangaa tu, soksi za nini? Kwa hiyo tuanze kuuliza maswali yetu. Bibi, ulilima mara ya mwisho lini? Chooni unakwendaje? Usiku unaamka mara ngapi kwa maumivu? Ibada unakwenda? Majibu ya maswali hayo manne yana uzito kuliko umri wake.

Tena yana uzito kuliko picha. Watu wengi, na baadhi ya wataalamu wetu, wanaiabudu eksirei. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa watu wa Framingham, Marekani. Kati ya nyonga zilizokuwa zikiuma mara kwa mara, ni asilimia 15.6 tu zilizoonyesha uchakavu kwenye picha. Na kati ya zilizoonyesha uchakavu, ni asilimia 20.7 tu zilizokuwa zikiuma mara kwa mara. Maana yake picha inaweza kuwa mbaya na mtu anacheza ngoma, na picha inaweza kuwa safi na mtu analia. Eksirei inamsaidia daktari kupanga. Haiwezi kumwambia bibi hatakiwi kuumwa.

Sasa msije mkanielewa vibaya. Sisemi kila anayechechemea apelekwe chumba cha upasuaji kesho asubuhi. Hapana! Wanaokimbilia kisu nao nina ugomvi nao. Mwongozo wa Uingereza wa NICE wa Oktoba 2022 unaanza na vitu ambavyo havina hata mvuto wa tangazo: mgonjwa aelezwe ugonjwa wake, afanye mazoezi ya kujenga misuli ya paja na matako, apunguze uzito kama umezidi, apewe fimbo kama inamsaidia. Fimbo yenyewe inashikwa mkono wa upande MZIMA, siyo upande unaouma. Angalia mtaani kwenu uone wangapi wameshika upande usiofaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaelekeza.

Na dawa je? Mwongozo huohuo unasema paracetamol, yaani hiyo hiyo Panadol ya "uzee tu", isitolewe kwa mazoea, maana ushahidi wa faida yake kwa ugonjwa huu ni hafifu. Glucosamine, ile inayouzwa kwa bei mbaya kwenye maduka ya virutubisho, nayo wanasema msiitoe. Dawa kama diclofenac na ibuprofen zinapunguza maumivu kweli, lakini kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa muda mfupi, kwa sababu zinachubua tumbo, zinaumiza figo na kuupa moyo mzigo. Sisi tunafanyaje? Mtu ana presha, ana miaka 70, anakunywa diclofenac ya dukani kila siku mwaka mzima, hakuna aliyempima hata figo.

Kibaya zaidi ni prednisolone. Dawa nzuri mahali pake, lakini kuna maduka inauzwa kama karanga kwa sababu siku mbili tatu mgonjwa anajisikia kijana. Dawa za jamii hiyo zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu zinaweza kuua kichwa chenyewe cha mfupa wa paja. Damu haifiki, mfupa unakufa, mpira unaporomoka. Yaani dawa ya kutuliza nyonga inaimaliza nyonga!

Tusisahau na sisi wa magazeti. Fungua kurasa za matangazo uhesabu mizizi na unga unaotibu "viungo, kisukari, nguvu za kiume na bahati" kwa wakati mmoja. Nchi hii mwaka 2011 ilipanga foleni ya magari mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Siwacheki waliokwenda. Mtu aliyeambiwa hospitali kwamba ugonjwa wake ni umri, mlitaka aende wapi? Ukimfungia mlango wa mbele atapita dirishani.

Turudi kwenye kisu, maana ndiko watu wanakoogopa.

Kubadilisha nyonga siyo jaribio. Mwingereza John Charnley aliipata njia yake mwaka 1962, alipoweka kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 iliyopita. Mwaka 2007 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyoiita operesheni ya karne. Na mwaka 2019 jarida hilohilo likatoa hesabu ya uimara: katika kila nyonga bandia 100, takriban 58 zinadumu miaka 25. Sasa mama wa miaka 65 anayeambiwa "hicho chuma kitachakaa" aambiwe basi kitachakaa lini.

"Lakini mazoezi si yanatosha?" Kuna watu hayawatoshi. Mwaka 2024 New England Journal of Medicine ilitoa utafiti wa Denmark wa wagonjwa 109 wa miaka 50 na kuendelea, ambao nyonga zao zilikuwa zimefikia hatua ya kustahili operesheni. Waligawanywa kama kwa kura: kundi moja likabadilishiwa nyonga, jingine likafanya mazoezi ya misuli chini ya usimamizi. Baada ya miezi sita wakapimwa kwa kipimo kile cha Oxford chenye alama 48. Waliofanyiwa operesheni walipanda karibu alama 16. Wa mazoezi hawakufika 5. Hata hivyo, ndani ya miezi hiyo sita ni kama mmoja tu kati ya watano wa kundi la mazoezi aliyekuwa ameshafanyiwa operesheni. Kwa hiyo mazoezi yanaweza kumnunulia mtu muda. Lakini nyonga ikishafika mbali, tusidanganyane kwamba ni sawa na operesheni.

Na umri? Mama yake Malkia Elizabeth wa Uingereza alibadilishiwa nyonga mwaka 1995 akiwa na miaka 95. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 101. Upande wa pili, mcheza tenisi Andy Murray alifunikwa kichwa cha nyonga kwa chuma Januari 2019 akiwa na miaka 31, na Oktoba mwaka huohuo akatwaa ubingwa Antwerp. Sasa niambie, kati ya 31 na 95, bibi yako wa miaka 68 ana uzee gani? Mwongozo wa NICE unakataza waziwazi kumnyima mtu rufaa kwa sababu ya umri, jinsia, uzito au magonjwa mengine aliyonayo.

Tena ugonjwa wa nyonga siyo wa wazee peke yao, hasa kwetu. Malawi walianzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005, na humo sababu iliyoongoza ya kubadilisha nyonga ilikuwa ni mfupa uliokufa kwa kukosa damu. Kanda ya Ziwa yetu ina sikoseli kwa wingi, na sikoseli ni moja ya vinavyoua mfupa huo. Kijana wa miaka 24 mwenye sikoseli anayeanza kuchechemea naye tutamwambia ni uzee?

Nisiwe mnafiki, operesheni ina hatari zake. Hata kwenye hospitali nzuri takriban mmoja katika mia anapata maambukizi kwenye kiungo, na damu inaweza kuganda mguuni. Nyonga bandia inaweza kuchomoka, na mkao wa kukunja nyonga sana ni moja ya njia za kuichomoa. Sasa kumbuka choo cha shimo cha Mbuba! Mtu hawezi kutolewa hospitali na kurudishwa kwenye kuchuchumaa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Familia inatakiwa kujenga kiti cha choo KABLA ya operesheni. Fundi wa kijijini anaweza, ni mbao au matofali na tundu. Lakini lazima mtu aambiwe. Na kama nyumbani haiwezekani, au mgonjwa mwenyewe baada ya kuelezwa anasema sitaki kisu, basi hataki. Uamuzi ni wake. Ninachokataa ni kumuamulia kwa maneno matatu.

Pia kuchelewa kuna gharama. Utafiti wa Boston na Montreal uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba waliofanyiwa operesheni wakiwa tayari wamedhoofika sana walipata nafuu, lakini hawakuwafikia waliofanyiwa mapema. Ule usemi wetu wa "vumilia mpaka utakaposhindwa kabisa" ni ushauri mbaya. Misuli iliyolala miaka mitano haiamki kwa siku tano.

Sasa mtu wa Mbuba atakwenda wapi? Ngara kuna hospitali ya Murgwanza ya Waanglikana, kuna ya misheni Rulenge. Hizo zinaweza kuchunguza, kupiga picha na kuandika rufaa. Mbele kuna Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda tangu 1971, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa ile foleni ya kivuko. Mbele zaidi ni MOI pale Muhimbili, taasisi ya mifupa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, lakini hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Ni mbali na ni ghali, sikatai.

Na bima? Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulipoanza mwaka 2018, ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na huduma zake ziliishia hospitali ya mkoa. Kwa homa na uzazi ni mkombozi. Kwa nyonga, kadi inakomea pale pale safari inapoanza. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Vizuri sana. Swali langu kwa waheshimiwa: neno "wote" linamhusu na mkulima mwenye nyonga iliyokwisha? Kama linamhusu, aandikwe kwenye kitita cha huduma, na rufaa yake iheshimiwe.

Najua wapo watakaosema: "Kaka, nchi ina malaria, kina mama wanafia uzazini, wewe unatuletea nyonga za wazee?" Jibu langu ni fupi. Kumpima mtu kwa kuzungusha paja hakuchukui hata chandarua kimoja. Kumfundisha mazoezi na kumwelekeza mkono wa kushika fimbo hakumnyimi mama mjamzito kitanda. Rufaa ni karatasi. Na huyo mzee mnayemwona mzigo ndiye anayelea wajukuu ambao wazazi wao wako mjini wanatafuta maisha. Halafu kuna jambo moja linanikera: sijawahi kusikia kigogo wa nchi hii aliyeumwa nyonga akaambiwa ni uzee tu. Yeye anapewa tiketi ya ndege. Kumbe uzee nao una matabaka?

Basi wadau, kazi ni kwetu. Leo jioni ukipiga simu nyumbani, usiishie kwenye "mnaendeleaje". Uliza analalaje. Uliza chooni anakwendaje. Uliza anakunywa dawa gani, kwa muda gani, na nani alimwandikia. Kama alianguka na ghafla hawezi kusimama, au ana homa na nyonga imegoma kabisa, hiyo siyo ya kusubiri wiki ijayo, apelekwe hospitali leo. Kama ni maumivu ya muda mrefu, aanze mazoezi kwa mtaalamu, na kama miezi inapita na usingizi haurudi, omba rufaa. Ukiambiwa "ni uzee tu", jibu kwa heshima: "Sawa daktari, lakini nyonga ya pili ina umri uleule. Mbona yenyewe haiumi?"

Tafakari, chukua hatua.